Utumbo, maini na kichuri: Uliza kabla hujaagiza

Safari hii safu yetu inaingia hotelini. Hatusemi nyumbani, ambako mama watoto ameosha utumbo kwa mikono yake mwenyewe na wewe umemwona. Tunasema kule unakokula ukiwa safarini au kazini: kwa mama lishe, kwenye kibanda cha supu, kwenye jiko la nyama choma. Na tunazungumzia nyama za ndani, yaani utumbo, maini, figo, moyo, bandama na mapafu, pamoja na ndugu zake kongoro na kichwa.

Tumeichagua Tarime kwa makusudi. Anayeishi Turwa au kata nyingine za mji ule, anayepita kwenda Sirari mpakani au Mugumu kule Serengeti, anajua kuwa mkoa wa Mara ni nchi ya ng'ombe na mbuzi. Wakurya na majirani zao wana ufundi wa miaka mingi wa kumla mnyama kuanzia ulimi hadi kwato, na hakitupwi kitu. Mgeni Muislamu akikaribishwa mezani huona haya kuuliza maswali. Lakini kuna mambo mawili ambayo lazima ayaulize, na la kwanza ni kichuri.

Kichuri, kwa asiyekijua, ni mchuzi mchungu wa kuchovyea nyama choma. Hutokana na majani yaliyosagika ndani ya tumbo na utumbo wa mbuzi au ng'ombe, hukamuliwa yakatoka majimaji ya kijani, na wapo wanaoongeza nyongo. Wengine hukichemsha, wengine hawakichemshi. Wapenzi wake watakwambia kuwa hayo si mavi, ni majani tu ambayo bado hayajafika mwisho wa safari, na kwamba mbuzi hula majani mengi ya dawa. Hoja hiyo utaisikia ikitolewa kwa kujiamini sana.

Hapa, ndugu msomaji, tenganisha mambo mawili. Moja ni afya. Utumbo wa mnyama mzima kabisa una vijidudu vya aina ya salmonela na ikolai, ambavyo kwa mnyama havina neno lakini kwa mtu huleta tumbo la kuendesha, homa, na kwa mtoto mdogo huweza kuleta hata kifo. Kichuri kibichi ni vijidudu hivyo ndani ya bakuli. Kikichemka barabara vingi hufa. Jambo la pili ni tohara, na hilo halitatuliwi na moto. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama mnyama mwenyewe ni halali, na kilichokwisha fika tumboni hakihesabiwi tena kuwa ni chakula safi. Wapo maulamaa wa madhehebu mengine, kama ya Imam Malik na Imam Ahmad, waliosema kinyesi cha mnyama anayeliwa si najisi. Lakini kutokuwa najisi si sawa na kuwa chakula, basi usiichukue kauli hiyo nusu nusu ukaigeuza ruhusa. Muulize sheikh wako. Ukiwa mezani, sema kwa adabu tu kwamba nyama yako iletwe kavu, na ikatwe kwenye ubao mwingine kwa kisu kilichooshwa. Mchoma nyama hakasiriki, amezoea wateja wenye masharti.

Jambo la pili ni damu. Zamani Wakurya, kama Wamasai, walimtoboa ng'ombe shingoni kwa mshale, wakakinga damu na kuinywa pamoja na maziwa, na ng'ombe akaendelea kuishi. Ukivuka mpaka kuingia Kenya utakutana na mutura, utumbo uliojazwa nyama za kukatakata na mara nyingi damu, ukachomwa juu ya mkaa. Harufu yake jioni inavuta sana. Lakini damu yenye kumwagika imeharamishwa katika Surat Al-An'am aya ya 145, na kuchemshwa au kuchomwa hakuibadilishi. Muulize muuzaji moja kwa moja, "Humu kuna damu?" Akisitasita, ondoka.

Msomaji mwingine atauliza: je, maini na bandama si damu tupu? Hapana. Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.) imevitaja hivyo viwili kuwa ni halali, kama ilivyowataja samaki na nzige katika mizoga. Na ile damu kidogo inayobaki katika nyama baada ya kuchinja imesamehewa.

Wala usidhani mtihani huu ni wa Mara peke yake. Ufaransa, nchi inayosifika kwa mapishi, ina vyakula vingi vya asili vya nyama za ndani. Andouillette ni utumbo uliojazwa utumbo, na kwa kawaida ni wa nguruwe. Boudin noir ni damu ya nguruwe. Mji wa Caen una utumbo wake maarufu, na huo ni wa ng'ombe, hupikwa polepole kwa saa nyingi pamoja na kwato mpaka unalainika kama kongoro letu. Muislamu angefurahi, ila ndani yake humiminwa pombe ya matufaha. Ng'ombe yule yule, utumbo ule ule, na bado swali ni lile lile la Tarime: kimetiwa nini humu?

Turudi kwenye supu ya asubuhi. Utumbo mzuri una harufu yake ya kawaida, lakini haunuki mavi. Tazama ile sehemu yenye manyoya kama taulo na ile yenye kurasa kama kitabu, maana humo ndimo uchafu hujificha. Ukiona chembe za kijani kati ya kurasa, mpishi hakuosha, alisuuza. Anayejua kazi hukwangua kwa maji ya moto, husugua kwa chumvi na limau, huchemsha, humwaga maji ya kwanza, ndipo hupika sawasawa.

Sufuria nayo itazame. Je, inatokota au imepoa? Shirika la Afya Duniani, katika kanuni tano za usalama wa chakula lilizozitoa mwaka 2001, linataka chakula kipikwe hadi nyuzi 70 ndani yake, kisha kikisubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60. Wapo bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Supu ikilala kwenye sufuria kubwa ikapoa polepole, huamka na kuzaliana. Supu ya jana iliyopashwa moto kidogo tu ndiyo inayowalaza watu.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mkaguzi wa nyama hugonga muhuri kwenye mwili wa mnyama, lakini utumbo uliokatwakatwa bakulini hauna muhuri. Mkaguzi ndiye anayepasua ini kutafuta minyoo bapa na uvimbe wenye maji. Mnyama aliyekufa mwenyewe akachunwa porini hakupita kwa mkaguzi wala kwa mchinjaji, ni mzoga kwa sheria yetu na ni hatari kwa kimeta. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Tanzania, miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo walioshika na kuchinja wanyama wagonjwa. Kwa hiyo kula mahali panaponunua machinjioni, na bei ikiwa rahisi mno, jiulize kwa nini.

Baada ya hayo yote, maini ni chakula bora. Yana madini ya chuma kwa mwenye upungufu wa damu, na bei yake bado ni nafuu kuliko dawa nyingi. Ila mama mjamzito apunguze. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu kinachofaa kwa siku, na wingi huo unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye jongo, ambao wengine huuita gauti, naye aziache nyama za ndani, maana huongeza asidi inayovimbisha viungo.

Na wewe unayechinja nyumbani, ini au pafu lenye uvimbe wa maji usimtupie mbwa. Akila, minyoo hukua ndani yake, mayai hutoka na kinyesi chake, na watoto wanaocheza naye huyameza. Miaka mingi baadaye uvimbe huo huo hutokea kwenye ini la mtu. Kule Turkana, Kenya, watu wengi wamefanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo. Kichome moto au kifukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.