Gari linapobadilishwa gia boksi, breki ya mkono hubaki wapi?

Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeirahisisha safari ambayo zamani, msimu wa masika, iliweza kumchukua msafiri siku nzima. Hata hivyo, shughuli nyingi za wananchi wa ukanda huu huanzia pale lami inapoishia. Kahawa huvunwa kwenye miteremko ya milima ya Umatengo inayofikia takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usipa huanuliwa kwenye fukwe za Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko katika mita 475 hivi. Kati ya sehemu hizo mbili mzigo hupita katika njia za udongo zenye mwinamo mkali, na wanaoubeba ni magari ya zamani yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, hasa Land Rover na Toyota Land Cruiser.

Mengi ya magari hayo hayana tena mitambo yaliyotoka nayo kiwandani. Injini imechakaa na nafasi yake imechukuliwa na injini ya dizeli ya Kijapani. Baada ya injini hufuata gia boksi, kisha ekseli. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wenye ujuzi mkubwa, na gari hurudi barabarani likiwa na nguvu kuliko awali. Kinachosahaulika mara nyingi ni breki ya mkono. Utingo hupewa jiwe au kipande cha gogo, na safari huendelea.

Kwa Land Rover sababu ya usahaulifu huo ni ya kiufundi. Katika magari mengi breki ya mkono hubana magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover za zamani, zikiwamo Defender, breki hiyo ni dramu iliyofungwa nyuma ya transfa, yaani gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na hubana shafti ya propela badala ya gurudumu. Fundi anapoiondoa transfa ya asili, breki ya mkono huondoka pamoja nayo. Wenzo wake unaweza kubaki pembeni mwa kiti cha dereva ukiwa haujaunganishwa na chochote.

Uzito wa jambo hili hupimika. Gari la tani mbili lililoegeshwa kwenye mteremko wa asilimia 20, yaani unaopanda mita 20 kwa kila mita 100 za mlalo, husukumwa kuelekea bondeni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 390 hivi. Likibeba tani moja ya mzigo, nguvu hiyo hukaribia kilo 590. Mteremko wa asilimia 20 ndio uliowekwa kuwa kipimo katika Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inayohusu breki za magari madogo: breki ya kuegeshea lazima ilizuie gari lenye mzigo wake kamili, liwe limeelekea juu au chini, na dereva asilazimike kuvuta wenzo kwa nguvu inayozidi nyutoni 400, sawa na kuinua kilo 40 hivi.

Kanuni hiyo inataka pia breki ikishakazwa ishikiliwe na kifaa cha kimakanika pekee. Sharti hili linagusa njia ya mkato inayotumiwa na baadhi ya mafundi, ya kufunga vali inayozuia mafuta ya breki yasirudi baada ya dereva kukanyaga pedali. Gari husimama vizuri kwa dakika za mwanzo. Baadaye mafuta hupoa na kusinyaa, au hupenya kidogo kidogo kwenye mpira wa silinda uliochakaa, na mgandamizo hushuka bila dalili yoyote. Kuliacha gari kwenye gia nako ni msaada tu. Injini iliyochoka huvujisha mgandamizo na kuliruhusu gari kusogea polepole, na transfa ikiwa imewekwa huru, gia haishiki chochote.

Njia iliyo rahisi kwa anayebadilisha ekseli ya nyuma ni kununua ekseli kamili yenye dramu, viatu vya breki na vijiwenzo vyake vya waya. Ekseli nyingi za pikapu za Kijapani huja na vifaa hivyo, na kazi inayobaki ni kuunganisha waya na wenzo. Aliyeweka breki za diski nyuma atahitaji kalipa yenye mkono wa waya, au diski ambayo kitovu chake kina dramu ndogo ya breki ya mkono ndani yake. Kalipa ya kawaida inayotegemea mafuta haitoshi.

Njia ya pili ni kurejesha breki kwenye shafti ya propela kwa kufunga dramu au diski nyuma ya transfa mpya. Faida yake ni kubwa. Shafti huzunguka mara tatu na nusu hadi karibu mara tano kila gurudumu linapozunguka mara moja, kutegemea meno ya difu, hivyo breki ndogo hupata nguvu ya kushikilia iliyozidishwa kwa kiwango hichohicho. Tena haitumiki gari linapotembea, kwa hiyo hubaki baridi. Hilo si dogo kwa gari lililoteremka kutoka Mbinga hadi ziwani. Breki za diski za magurudumu hufika Mbamba Bay zikiwa na moto. Wenzo ukivutwa wakati huo, diski na pedi husinyaa zinapopoa, mbano hulegea, na gari lililokuwa limetulia linaweza kuanza kutembea wakati dereva ameshakaa mezani kula. Mwenye diski nyuma hana budi kurudi kuukaza wenzo baada ya muda.

Breki ya shafti nayo ina hatari yake, na dereva anayeitumia anapaswa kuielewa kabla ya kupata pancha. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke kinyume na mwenzake, na gari hubingirika ingawa breki imekazwa barabara. Shafti ikifunguliwa au ekseli ikikatika, hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana kabari haiondoki garini hata baada ya breki kurejeshwa. Breki hii pia haivutwi gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu mshtuko wake hupiga moja kwa moja shafti na difu. Sili ya transfa ikivuja, oili huingia kwenye viatu vya breki na kuvifanya viteleze.

Waya ndiyo sehemu inayoharibiwa na haraka ya kazi. Ganda lake lazima lishikiliwe imara pande zote mbili, vinginevyo husogea lenyewe badala ya kuvuta. Urefu wake upimwe ekseli ikiwa inaning'inia na pia springi zikiwa zimelemewa na mzigo, na usipitishwe kwenye kona kali wala karibu na bomba la moshi. Kishikizo cha wenzo kifungwe kwenye sehemu imara ya fremu. Bati la sakafu hupinda.

Majaribio hufanyika mahali pasipo na watu upande wa chini, kuanzia mwinamo mdogo, gari likiwa na mzigo na kabari zikiwa sentimita chache kutoka magurudumuni. Gari likikaa bila kusogea, hugeuzwa na kujaribiwa likielekea upande wa pili, kwa kuwa viatu vya dramu huweza kushika vizuri zaidi upande mmoja. Waya mpya hunyooka katika siku za mwanzo za kazi na huhitaji kukazwa upya.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kutumika barabarani, na askari wakaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi ndio wanaolipima. Mmiliki aliyebadilisha injini hupaswa pia kufika Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kadi ya gari ilingane na kilichomo chini ya boneti. Mkaguzi huvuta wenzo wa breki ya mkono na kulijaribu gari kama linasogea, na hapo ndipo wenzo usio na waya hubainika.