Mafundi sola wa Kinyasini: Kwa nini wanachaguliwa kina mama?

Huko Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna chuo ambacho hakiulizi cheti. Mwanafunzi hateuliwi na chuo, anateuliwa na kijiji chake. Anayetafutwa ni mwanamke mtu mzima, mara nyingi mama au bibi, na kama hajui kusoma wala kuandika, si tatizo. Baada ya miezi kadhaa anarudi nyumbani akiwa fundi wa umeme wa jua.

Ni tawi la Barefoot College, lililofunguliwa mwaka 2015. Chimbuko lake ni Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, ambako Bunker Roy alianzisha kazi hiyo mwaka 1972. Kabla ya Kinyasini, kina mama wa Zanzibar walioteuliwa walisafiri hadi India na kukaa huko miezi sita.

Wengi wakisikia habari hii hudhani ni mradi wa huruma. Sivyo, ni hesabu ya matengenezo. Paneli yenyewe haina usumbufu mwingi. Kinachosumbua ni betri inayochoka, waya unaolegea, kidhibiti chaji kinachoungua. Kama wa kuvitengeneza yuko mjini, sola inabaki pambo la paa. Hoja ya Roy ni kwamba kijana wa kiume akishapata cheti huondoka kutafuta kazi mjini. Mama mwenye wajukuu na shamba anabaki.

Sasa, asiyejua kusoma anajifunzaje umeme? Kwa vitendo, kwa ishara na kwa rangi. Na rangi si njia ya mkato. Rezista, kile kijidude kinachopunguza mkondo kwenye saketi, huonyesha kipimo chake kwa pete za rangi: kahawia ni 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4. Pete nyekundu, nyekundu na kahawia, ukizisoma kwa mpangilio huo, ni ohm 220. Mhandisi wa chuo kikuu naye anasoma pete hizo hizo. Kwa mwanamke aliyekua akipanga rangi za ukili kwenye mkeka, kukariri mpangilio wa rangi wala si jambo geni.

Kigumu zaidi kiko nyumbani. Miezi hiyo ni mingi. Watoto inabidi waachiwe bibi au shangazi, na wapo wanaoteuliwa halafu mume anakataa. Anayekwenda akirudi, kazi yake ni kupanda ngazi hadi juu ya paa la jirani, mahali ambapo watu wamezoea kumwona mwanaume. Maneno huwa hayakosekani, ila hupungua taa zikianza kuwaka.

Halafu kuna pesa. Nyumba zilizofungiwa sola hulipa ada kila mwezi, kutoka kwenye fedha ambazo zamani zilinunua mafuta ya taa. Sehemu ya ada ni malipo ya fundi, sehemu ni ya vipuri. Hapo ndipo mpango unaposimama au kuanguka. Watu wakiacha kulipa, betri zinakufa baada ya miaka michache na hakuna cha kununulia nyingine, na mama anabaki na ujuzi wake bila kazi. Ndiyo maana kijiji hutakiwa kuwa na kamati ya kukusanya ada hiyo, na si kumwachia fundi apite mlango kwa mlango kudai.