Ni 4K, Lakini Namba Haisomeki

"Fundi, hii ina 4K?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nimefika mahali mteja akifungua tu mdomo namtangulia. Ndiyo, ina 4K. Imeandikwa kwenye boksi, imeandikwa pembeni ya lenzi, na muuzaji akipata nafasi ataiandika hata kwenye risiti. Tatizo ni kwamba ukishauliza hivyo, hujauliza kitu.

Majuzi kaka mmoja aliniletea kamera yake ya gari, ya "4K". Aligongwa ubavuni usiku, Kimara, Barabara ya Morogoro. Aliyemgonga akakanyaga mafuta akapotea. Tukaitazama video kwenye kompyuta. Taa za nyuma zinaonekana, rangi ya gari unaikisia, na pale penye namba pana mstatili mweupe unaong'aa kama bati jipya. Tukasimamisha, tukakuza, tukarudi nyuma picha moja moja. Mweupe tu. Kilichoonekana vizuri kuliko vyote ni boksi la tishu lililokuwa juu ya dashibodi, likijiakisi kwenye kioo cha mbele. Pembeni chini, tarehe: 1 Januari 2019. Saa ya kamera hakuwahi kuiweka. Maikrofoni nayo ameizima, hataki simu zake zirekodiwe.

Sasa tuizungumze hiyo 4K, maana ndiyo inayowamalizia watu hela.

4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni 8.3. Kamera nyingi za bei ya kutupa zina sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, ya pikseli milioni 2 tu. Programu ndani yake huivuta picha mpaka ifikie ukubwa wa 4K. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria limejaa, nyama ni zilezile. Kulijua hili si kazi. Rekodi dakika moja palepale dukani, fungua faili, tazama uzito. Dakika ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 40 kwa sekunde huwa na MB 300. Hata ikibanwa kwa mfumo wa H.265, ukiona MB 60 jua umeuziwa maji.

Haya, tuseme umepata 4K ya kweli. Bado usishangilie. Sensa ya Sony IMX307 ina pikseli milioni 2. IMX415 ina milioni 8. Kwa umbo zinalingana, zote ni za inchi 1/2.8. Maana yake eneo la pikseli moja ya kwanza ndilo lililogawiwa pikseli nne za pili. Mvua ni ileile, ila badala ya ndoo moja umetega vikombe vinne, na kila kimoja kinapata robo. Mchana hutaona shida, mwanga ni wa kumwaga. Usiku kila pikseli inalia njaa, na kamera ina dawa moja tu ya njaa hiyo: kufumbua jicho muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo namba inapofia. Kamera ikifumbua jicho kwa 1/30 ya sekunde, gari linalokatiza mbele yako kwa kilomita 60 kwa saa linakuwa limesogea sentimita 55. Kibao cha namba chenyewe ni kama nusu mita. Yaani namba yote imeburuzwa urefu wake mzima ndani ya picha moja! Ongeza taa zako zinazomulika kibao kinachoakisi mwanga, upate ule mstatili mweupe wa Kimara. Hakuna programu ya kuirudisha namba hiyo, na anayekwambia anaweza "kuisafisha" kwa elfu hamsini anakusafisha wewe.

Kingine ni ile sifa ya "nyuzi 170". Chukua lenzi inayoona nyuzi 120 tu kutoka kushoto kwenda kulia. Mita 10 mbele yako, picha inabeba upana wa karibu mita 35. Kwa kamera ya pikseli 1920, kibao cha namba kinaambulia pikseli 28 hivi. T 123 ABC ina herufi na tarakimu saba, kwa hiyo kila moja inabaki na pikseli nne. Kwa 4K zinakuwa nane: mchana, kioo kikiwa safi, utasoma. Hiyo ndiyo faida ya 4K, siikatai. Lakini lenzi ikizidi upana, faida yote umeigawia miti ya pembeni.

Kwa hiyo uliza jina la sensa. Sony IMX335 au IMX675, zote za pikseli milioni 5, zinatosha gari la kawaida. Ukitaka 4K kwa lazima, tafuta IMX678, ambayo ni pana zaidi, inchi 1/1.8. Muuzaji asipojua sensa, aga.

Yaliyobaki, haraka haraka. Chagua yenye kapasita, si betri ya lithiamu. Kwa jua la Dar nimechomoa kamera nyingi zilizovimba kama andazi. Kadi iwe ya kurekodi mfululizo, na uifomati ndani ya kamera kila mwezi. Ifunge nyuma ya kioo cha kati isionekane na wapita njia wenye mikono myepesi. Tishu ziende kiti cha nyuma. Ukitaka ilinde gari likiwa limeegeshwa, iungwe kwenye fyuzi kwa kifaa kinachokata umeme betri ikishuka hadi volti 12, la sivyo asubuhi utasukumwa. Taksi: chukua ya lenzi mbili, na abiria waambiwe, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bodaboda: achana na kamera ya helmeti, chaji yake haifiki mchana, chukua yenye boksi la kurekodia chini ya siti, lenzi mbele na nyuma, kiwango cha IP67, waya upite kwenye swichi na uwe na fyuzi yake.

Ukigongwa, funga faili kwa kitufe kabla kamera haijaandika juu yake, kisha chomoa kadi uitunze. Usitegemee nakala ya WhatsApp. Inabanwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie rekodi ilivyotengenezwa na ilivyotunzwa. Tarehe ya 2019 hapo utaielezaje?

Na washa maikrofoni. Namba ukiiona, isome kwa sauti. Yule kaka wa Kimara aliiona kwa macho yake. Anasema aliitamka mara mbili, peke yake ndani ya gari, kabla hajaisahau.