Kabla ya Kupaka Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka

Ndugu msomaji, mvua za masika zikisha kupita, na upepo wa kusi ukianza kukausha vichochoro, toka nje ya nyumba yako Jumapili moja asubuhi, usimame barabarani kama mgeni aliyepotea njia, uitazame. Wengi wetu tunaoishi mijini tunaifahamu nyumba kwa ndani tu. Tunajua bati lipi linavuja na kitasa kipi kinakwama. Kwa nje tunapita mbio tukiwahi basi, na jioni tunarudi giza limekwisha ingia. Ukisimama hivyo utayaona yaliyokuwa yakikungoja: rangi ya madirisha imefura kama ngozi iliyoungua, mbao za ukingo wa paa, zile ambazo mafundi huziita fishabodi, zimepinda, na ukuta umeota kuvu za kijani kuanzia chini.

Mwandishi wa makala haya alisimama hivyo mbele ya nyumba aliyotuachia marehemu baba, huko Magomeni, Dar es Salaam. Ni nyumba ya kawaida, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, na baraza mbele. Fahari yake ni moja tu, nayo ni mlango wa mbele, wa mbao za mvule, wenye mabamba mawili, uliotengenezwa na seremala aliyekuwa rafiki wa baba. Miaka miwili kabla ya siku hiyo tulichangishana fedha, sisi ndugu wanne, tukaupaka mlango huo rangi ya mafuta pamoja na madirisha yote. Mama alitoa fedha zake za upatu. Masika ya kwanza rangi ikafura. Masika ya pili ikaambuka vipande vipande, na chini ya mlango mbao zikawa laini kama mkate uliolowa chai. Mdogo wangu akasema mlango uuzwe kwa wale wanaozunguka mitaani wakinunua milango ya zamani, kisha tuweke wa chuma. Mama hakujibu. Akainuka, akaingia ndani.

Ukimya ule ndio ulionipeleka kwa mafundi. Nilizungumza na maseremala, waashi na wapaka rangi, wazee kwa vijana, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tulikuwa tumetupa fedha zetu kwa kuanzia mwisho. Rangi si dawa ya maji. Mbao iliyolowa ikifunikwa rangi, maji yaliyomo ndani hutafuta njia ya kutoka kila jua linapochoma, nayo huisukuma rangi hadi ifure. Ikisha kupasuka, mvua huingia kwa urahisi lakini haitoki kwa urahisi, kwa kuwa rangi iliyobaki imekuwa kifuniko. Kuvu zinazoozesha mbao hazihitaji zaidi ya hapo.

Seremala mmoja mzee alikuja kuutazama mlango wetu akiwa na bisibisi tu mkononi. Hakuangalia rangi. Alichuchumaa, akadunga chini ya ubao, na bisibisi ikazama. Akadunga tena shubiri moja juu zaidi, ikagoma. "Mlango wenu ni mzima," akasema, "isipokuwa miguu." Kisha akatuonyesha kosa lenyewe. Ukingo wa chini wa mlango, ule usioonekana mpaka uung'oe mlango kwenye bawaba, haukuwa umepakwa kitu tangu ulipotengenezwa. Hapo ndipo nyuzi za mbao zilipokatwa, nazo hufyonza maji kama mirija, upesi mara nyingi kuliko ubavu wa ubao. Sisi tulikuwa tumeupaka uso kwa uangalifu mkubwa, na chini tukauacha unywe maji ya baraza kila mama alipolipiga deki. Ewe msomaji, kabla hujaendelea kusoma, nenda kaingize kidole chini ya mlango wako. Ukikuta mbao tupu, umekwisha jua kazi ya kwanza.

KUSAFISHA

Mbao iliyokaa juani hugeuka kijivu. Wengi hudhani imeoza, nao huitupa. Sivyo. Jua huiharibu ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, mvua huisuuza, na utando mwembamba wa kijivu hubaki juu. Chini yake, kina kisichofika unene wa kucha, mbao huwa bado na rangi yake. Ndiyo maana kazi ya kusafisha hailazimu kuwa ya vita. Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga na brashi ya nyuzi ngumu vyatosha, ukisugua kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Usitumie brashi ya waya, kwani huacha vijichembe vya chuma ambavyo hushika kutu na kuleta madoa meusi katika mbao. Hali kadhalika zile mashine za kurusha maji kwa nguvu, ambazo siku hizi waosha magari wanazo kila kona, huchana nyuzi na kusukuma maji ndani kabisa. Ziache zioshe magari.

Penye kuvu nyeusi au kijani, tumia maji ya klorini yanayong'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji. Paka, acha dakika kumi, kisha suuza sana. Hapa naomba nisimame kidogo, kwani jambo hili limo katika uwezo wa kila nyumba na hatari yake imo vilevile. Klorini kamwe isichanganywe na siki, wala na dawa kali za kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu ambayo hushambulia mapafu, na katika uwanja mdogo wenye watoto hakuna nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Jambo jingine ni rangi za zamani. Nyingi kati ya zilizopakwa miongo iliyopita zilikuwa na risasi, madini ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mlango wetu ulikuwa na matabaka manne, la chini kabisa likiwa la bluu ya enzi za utoto wangu. Mwanangu mwenyewe angeweza kulamba vumbi lile. Kwa hiyo hatukuupiga msasa mkavu. Tuliulowesha, tukatumia msasa wa maji, tukatandika karatasi ya nailoni chini, tukafunika pua kwa kitambaa, na watoto wa wapangaji wakapelekwa kwa jirani kutwa nzima. Takataka zote tulizifunga, hatukuzifagilia uani penye kuku.

Baada ya kuosha, ngoja. Hili ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu fundi amekwisha lipwa nusu na anataka kumaliza. Mbao iliyooshwa huhitaji siku kadhaa za jua na upepo, na anayepaka rangi wakati wa masika anajidanganya. Kwa mji kama Dar es Salaam, miezi ya Juni hadi Septemba, kipupwe kinapotawala, ndiyo miezi ya kazi hii.

MAFUTA AU RANGI?

Watu wa bahari walilijua jambo hili zamani. Jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na upande wa chini ukapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kisha lilirudi majini, na wakati wake ukifika likapandishwa tena. Hakuna nahodha aliyedhani kwamba amepaka mara moja kwa maisha yake yote. Sisi wa nchi kavu tunanunua kopo moja na kutaka lidumu mpaka watoto waoe.

Kwa mlango ulio chini ya kivuli cha baraza, na uliotengenezwa kwa mbao ngumu kama mvule, mninga au mkongo, mafuta ya kitani yanafaa. Sifa yake ni kwamba hukauka: hewa huyageuza kuwa utando mgumu ndani ya nyuzi. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Hubaki maji maji, hukusanya vumbi, na kuvu huyafurahia, ingawa nyanya zetu waliyatumia kwa imani njema. Ama ile oili chafu ya magari, ambayo nimeiona ikipakwa kwenye kenchi na hata kwenye milango, hiyo ina uchafu wa madini yenye sumu, na mbao iliyoinywa haishiki tena rangi yoyote. Bei yake ni rahisi siku ya kwanza tu.

Mafuta ya kitani yapakwe mabamba kwa mabamba, kidogo kidogo, na yanayobaki juu yafutwe baada ya dakika ishirini. Tambara uliloyafutia usilikunje ukalitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofumbatwa laweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Lianike likiwa limetandazwa, au litumbukize ndani ya ndoo ya maji.

Madirisha yanayopigwa na jua na mvua moja kwa moja, pamoja na fishabodi, yanastahili rangi, kwa kuwa mafuta hayazuii jua vya kutosha. Hapo utaratibu ni msasa, rangi ya awali, kisha rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba nyembamba. Koti moja zito hukauka juu na kubaki bichi chini. Bati lenye kutu nalo hutaka hayo hayo, isipokuwa huko brashi ya waya ndiyo mwenyewe.

UKUTA NAO

Wenye nyumba za matofali ya saruji wana kazi nyepesi: ondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta, elekeza maji ya paa yasirukie ukutani, osha kuvu, acha ukauke, paka. Lakini ikiwa nyumba ya wazee wako ipo Unguja, Pangani, Bagamoyo au Lamu, nayo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, shika mkono wa fundi kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Shangazi yangu wa Mji Mkongwe alifanyiwa hisani hiyo. Ukuta wake wa mbele ulikuwa ukipukutika chokaa, na fundi akaupiga plasta ya saruji, ukapendeza kwelikweli. Mwaka wa tatu plasta ikaanza kulia tupu ukiigonga, kisha ikaanguka bamba zima, na nyuma yake mawe yalikuwa yamegeuka unga. Chokaa hupumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupita ndani yake na kukauka nje, yakiiacha chumvi juu juu, nayo chokaa huchakaa polepole badala ya jiwe. Saruji ni ngumu na imefungamana. Huyazuia maji na chumvi ndani, na chumvi ikikauka hukua na kupasua jiwe lenyewe. Kwa hiyo kule kupukutika kwa chokaa, ambako shangazi alikuona ni aibu mbele ya majirani, ndiko kulikokuwa kukiulinda ukuta. Tunaambiwa tangu shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haikututajia ufa uzibwe kwa kitu gani.

Uzito wa mambo haya ulionekana na kila mtu tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili, huku kazi ya kulikarabati ikiwa inaendelea. Majumba hayo, na Mji Mkongwe wote uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, yametegemea kupakwa chokaa na kuzibwa paa mwaka hata mwaka. Nyumba ya shangazi si jumba la kifalme, lakini matumbawe yake ni yale yale, na wajukuu zake wanalala chini ya boriti zile zile za mikoko. Plasta iliyobaki imekwisha banduliwa. Ukuta sasa una chokaa, na kila baada ya masika hupakwa tena kwa brashi ya nyasi, kazi ya siku mbili.

Kwetu Magomeni, kazi ya mlango ilichukua Jumapili tatu. Seremala alikata sehemu iliyooza, akaunga kipande cha mvule kwa gundi na vigingi vya mbao, na kabla ya kuurudisha mlango kwenye bawaba aliunywesha ukingo wa chini mafuta mpaka ukakataa. Baraza tuliliinamisha kidogo kwa nje ili maji ya deki yasirudi mlangoni. Gharama yake haikufika robo ya bei ya mlango wa chuma. Mama alikataa rangi. Alitaka mbao ionekane, kama baba alivyoikuta siku ulipoletwa kwa mkokoteni.

Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, yeye huchovya vidole katika kikombe na kurushia mlango matone ya maji. Yakisimama kama shanga, anarudi jikoni. Yakinywewa na kuacha doa, ananipigia simu. Mdogo wangu hazungumzi tena habari za chuma. Sasa anataka tuzitazame fishabodi za upande wa uani, na hizo, nilipopanda ngazi na bisibisi yangu, nilikuta zimeoza kweli.