Nyumba Ndogo Yenye Joto Katika Nchi ya Baridi

Uwanda wa Kinangop uko mita 2,400 hadi 2,700 juu ya usawa wa bahari, kando ya milima ya Nyandarua. Kwa kawaida, kila nchi inapoinuka mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii 6 za Sentigredi. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa, aliyezoea kulala bila blanketi, hutetemeka afikapo Kinangop, ingawa si mbali na Ikweta.

Baridi ya huko ni ya namna mbili. Mwezi wa Julai mawingu hufunika jua kutwa, na unyevu huingia hata katika nguo. Mwezi wa Januari na Februari mchana una jua, lakini usiku usio na mawingu joto la ardhi hupanda na kupotea angani, na mara nyingine asubuhi sakitu huonekana juu ya viazi. Basi nyumba ya kukaliwa mwaka mzima sharti iweze kuzishinda baridi zote mbili.

Mwenye nyumba ambaye hajafikiwa na umeme hufikiri kwanza juu ya moto mkubwa. Lakini moto si mwanzo wa shauri hili, bali ni mwisho wake. Nyumba ipotezayo joto ni kama mtungi uliotoboka: kabla ya kuongeza maji, yafaa kuziba tundu.

JOTO HUPOTELEA WAPI

Hewa yenye moto hupanda juu, na huko hukutana na mabati. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko ubao, tena bati ni jembamba sana. Kwa hiyo joto la kuni za jioni hutoka nje upesi, na pumzi za waliolala hugeuka matone juu ya bati lililopoa, yakawadondokea alfajiri. Joto jingine hutoka katika nyufa za kuta za mbao, na chini ya mlango.

Wazee wa zamani walilijua jambo hili. Nyumba ya Wamasai, iitwayo enkaji, ni fupi, nayo imekandikwa udongo na kinyesi cha ng'ombe juu ya fito, na matundu yake ni madogo. Nyumba ya Wakikuyu ya zamani iliezekwa kwa nyasi nene. Joto lilikaa ndani, lakini moshi nao ulikaa, ukadhuru macho na vifua, hasa vya akina mama na watoto. Kazi ya mjenzi wa leo ni kulizuia joto na kuutoa moshi.

KAZI YA KWANZA NI DARI

Mwenye fedha kidogo na aanze na dari. Mbao nyembamba, au magunia yaliyoshonwa pamoja na kuvutwa vizuri, hupigiliwa misumari chini ya kenchi. Juu ya dari ya mbao hutandazwa mabua makavu ya ngano, au manyoya ya kondoo yaliyooshwa na kukaushwa, kwa unene wa sentimita 10 au zaidi. Dari ya magunia haibebi mzigo mzito, kwa hiyo huhitaji fito za kuitegemeza. Mabua yasishindiliwe, kwani kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia kati yake. Nafasi iliyo kati ya mabua na mabati iachwe wazi kwenye ncha mbili za paa, ikiwekwa wavu wa waya kuzuia panya na popo, ili unyevu upate njia.

Baada ya dari hufuata kuta. Nyufa zizibwe kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, au kuta zipigwe mbao za pili kwa ndani, na katikati pajazwe mabua makavu. Magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa unga huzuia upepo, lakini peke yake hayazuii baridi nyingi. Chini ya mlango pawekwe kizingiti, na ukingoni mwake kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu. Sakafu ya udongo iinuliwe juu ya kokoto, na karatasi ya nailoni itandikwe chini yake ili maji ya ardhini yasipande.

JIKO NA DOHANI

Nyumba ikisha kuzibwa, moto mdogo hutosha. Jiko lifaalo ni la kuni, lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi, lipitalo kilele cha paa. Likizungushiwa matofali, hayo hunywa joto jioni na kulirudisha polepole usiku. Kuni ziwe zimekauka kivulini kwa miezi kadhaa, kwani mti mbichi waweza kuwa nusu yake maji, na joto jingi hupotea kwa kuyachemsha. Mahali bomba lipitapo darini, mbao na mabua vikae mbali nalo kwa kadiri ya sentimita 45, na pengo hilo lifunikwe kwa bati.

Umeme wa jua hufaa kwa taa na redio, si kwa kupasha nyumba joto. Bamba dogo la wati 50 haliwezi hata kuchemsha birika, ambalo huhitaji wati elfu moja au zaidi.

HATARI YA MKAA

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata likionekana halina moshi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu mahali pa oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili, na mtu hufa usingizini bila kusikia lolote. Kadiri nyumba inavyozibwa vizuri, ndivyo hatari inavyozidi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo; wakiugua hivyo watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, mlango ufunguliwe, wote watoke nje, na wapelekwe hospitali upesi.

Kwa sababu hiyo, kila nyumba yenye moto iachiwe tundu la hewa karibu na jiko, na lingine juu ukutani. Hewa ya matundu hayo itapunguza joto kidogo, na blanketi moja zaidi yaweza kulirudisha. Nyufa zote zizibwe, lakini matundu hayo mawili yasizibwe hata usiku wa sakitu.