Kukoroma na Kukatika Pumzi Usingizini: Jawabu kwa Mke wa Dereva

 

Katika ziara yetu ya da'wah Mbeya na Iringa, dada mmoja alitusubiri baada ya darsa. Mumewe ni dereva wa lori, huchukua mzigo Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Akilala hukoroma hadi watoto chumba cha pili wanaamka. Kisha hunyamaza ghafla, kifua kinapanda lakini hewa haiingii, halafu hugutuka kama mtu aliyekuwa anazama. Wakwe wamesema anakabwa na jini, na dada akataka mumewe asomewe. La pili alilisema kwa haya: mume haamki Alfajiri, na Ijumaa husinzia khutba nzima.

Kisomo tulikifanya, na ruqyah ya kisheria hatuikatai. Lakini tulimwambia ampeleke mumewe hospitali, kwani aliyoyaeleza ni dalili za maradhi yanayojulikana. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha watafute dawa. Hadithi hiyo ameipokea Usama bin Shariik, naye Abu Daawuud na At-Tirmidhiy wameithibitisha katika vitabu vyao.

Mtu anapolala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba kabisa au kwa sehemu kubwa, pumzi ikasita kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni ya damu hushuka, ubongo ukashituka na kumwamsha kidogo ili avute hewa, kisha akalala tena bila kukumbuka. Madaktari huhesabu matukio hayo kwa saa: yakifika 5 ni tatizo, yakifika 30 ni tatizo kali. Aliyeamshwa mara 30 kila saa hajalala, hata akiwa kitandani tangu Isha. Aliyepatwa na jinamizi hukumbuka na kuhadithia asubuhi. Huyu hana habari, ndiyo maana shahidi wake ni mkewe.

Wapo madada wanaoogopa kuwa kusema haya ni kufichua siri ya chumbani. Kumweleza daktari kwa ajili ya tiba si katika kufichua kulikokatazwa. Mwambie pia kama mumeo huamka na kinywa kikavu, hukojoa mara nyingi usiku, amekuwa mkali, au ana presha isiyoshuka kwa dawa. Wanene wamo zaidi khatarini, khasa mwanamume ambaye shingo yake inapita sentimita 43, lakini hata mwembamba hupatwa kwa umbile la taya. Wanawake nao hupatwa, zaidi baada ya kukoma hedhi. Mtoto anayekoroma kila usiku mara nyingi ana tonsili kubwa, na kuzitoa humsaidia.

Kuumwa kichwa asubuhi ni dalili nyingine, lakini nyanda za juu kuna sababu ya pili. Tulikuwa huko wakati wa baridi, na tuliona majiko ya mkaa yakiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa. Moshi ule usioonekana unaua. Litoeni jiko nje kabla ya kulala, awepo mgonjwa au asiwepo.

Tuliyemwogopea zaidi ni dereva mwenyewe. Anayeteremka Kitonga, au Mlima Nyoka pale Mbeya, akiwa na tani za mzigo nyuma yake, sekunde tatu za kusinzia zinatosha. Mafuqahaa wamehesabu kuua kwa aliyelala kuwa ni kuua kwa makosa: inalazimu diya, na kafara ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ama anayejijua kuwa husinzia kwenye usukani, akaambiwa ajitibu akapuuza, hatuoni kuwa amesalimika na dhambi. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha havifungui koo. Asimamishe gari, alale, na asirudi njiani mpaka daktari amwone. Tunajua gari lisipotembea hakuna posho, na matajiri wa malori wanahusika na maneno haya.

Aanze hospitali ya mkoa Iringa au ya rufaa Mbeya, aulizie daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo cha usingizi hakipatikani kila hospitali, huenda akapelekwa Dar es Salaam. Mkewe amrekodi kwa simu dakika chache akilala. Daktari atafaidika nayo. Tiba kubwa ni mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan huko Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1980, inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe. Ni ghali, nasi hatutamficha mtu hilo. Kisicho na gharama ni kupunguza uzito, na kulala ubavu badala ya chali. Ubavu wa kulia ni Sunnah. Aepuke dawa za usingizi, zinalegeza koo zaidi. Akifanyiwa operesheni yoyote, amwambie mtoa nusukaputi mapema.

Ama ibada zake: aliyepitiwa na usingizi ataswali aamkapo, wala hana dhambi ikiwa alichukua sababu za kuamka. Kusinzia akiwa amekaa, makalio yamethibiti chini, hakuvunji wudhuu katika madhehebu ya Shaafi'iy. Akilala katika sijda umevunjika. Na mashine mchana wa Ramadhaan? Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, iliitaja gesi ya oksijeni miongoni mwa visivyofunguza, na hewa ya kawaida ni nyepesi zaidi. Akilala mchana, aiendeshe bila ya maji ya kulainisha hewa, ni salama zaidi kwake.

Wallaahu a'lam.