Programu za simu zinazofunguliwa kwa intaneti: tuzijue kabla ya kuzitumia



Zamani, mtu aliyekuja kambini kuandikisha familia zilizohama makwao alibeba daftari na kalamu. Siku hizi wengi huja na simu. Viongozi wa komite nao hutumiwa anwani ya intaneti na kuombwa kujaza fomu: watu wangapi wamefika, wametoka wapi, wanakosa nini. Ukifungua anwani hiyo unaona kitu kinachofanana na programu ya kawaida ya simu, lakini hukukitoa katika duka la programu. Tena mara nyingine kinaendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Wengi wanajiuliza: ni kitu gani hicho, na je, tukiamini?

Ni kitu gani?

Programu ya kawaida huchukuliwa katika duka, yaani Play Store kwa simu za Android au App Store kwa iPhone, kisha huwekwa ndani ya simu. Mara nyingi inakula mega nyingi na nafasi kubwa. Programu ya tovuti ni ukurasa wa intaneti uliotengenezwa ili ufanye kazi kama programu. Unaifungua kwa anwani yake ndani ya Chrome au Safari. Ukipenda, unaweka alama yake kwenye uso wa simu, na tangu hapo unaigusa kama unavyogusa nyingine zote.

Wazo hili si geni. Mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipotoka, kampuni ya Apple iliwaambia watengenezaji wa programu watumie tovuti; duka lake lilifunguliwa mwaka 2008 tu. Mwaka 2015, Alex Russell na Frances Berriman walizipa programu za tovuti zenye uwezo mpya jina ambalo wataalamu hulifupisha kwa herufi PWA. Mwaka 2017 Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilitoa programu ya namna hiyo iliyochukua chini ya mega 1 katika simu. Kwa mtu mwenye simu ndogo na pesa kidogo ya mega, hiyo ni faida kubwa.

Inafanyaje kazi bila mtandao?

Fikiria mama muuzaji. Siku barabara ni wazi, analeta mzigo na kuuweka depo. Barabara ikifungwa, bado anauza, kwa sababu mzigo uko kwake. Programu ya tovuti hufanya hivyo hivyo. Siku ya kwanza unapoifungua ukiwa na mtandao, inaweka ndani ya simu nakala ya kurasa zake. Mtandao ukikatika, inakuonyesha nakala hizo. Lakini mzigo ambao haukufika depo hauwezi kuuzwa: habari mpya hazitaonekana mpaka mtandao urudi.

Mfano mmoja ni KoboToolbox, iliyotoka katika Harvard Humanitarian Initiative na inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada. Fomu zake zinaweza kufunguliwa kwa njia ya tovuti na kujazwa bila mtandao. Fomu zilizojazwa hukaa ndani ya simu, na pembeni inaonekana namba ya zile zinazongoja kutumwa.

Kuhifadhiwa siyo kutumwa

Hapa ndipo tunawaomba viongozi wasikilize vizuri. Kiongozi anaweza kujaza fomu ya kuonya kwamba kuna ugomvi wa mashamba kati ya wenyeji na waliohama. Anaona fomu imekubaliwa, anarudi nyumbani na moyo mtulivu. Kumbe fomu bado iko mfukoni mwake. Siku zinapita, hakuna anayekuja. Watu wanaanza kusema: «Tuliwaambia, wakanyamaza. Wanawapendelea wale wengine.» Hapo fununu inazaliwa, na fununu imekwisha kugombanisha vijiji vingi. Ugomvi unaweza kukua kwa sababu tu ujumbe haukuondoka.

Kwa hiyo, zingatieni mambo haya:

1. Ukifika penye mtandao, fungua programu tena na uangalie kama bado kuna fomu zinazongoja. Usidhani zitaondoka zenyewe. Kwenye iPhone hasa, programu ya tovuti haitumi kitu ikiwa imefungwa.

2. Usifute historia na data za Chrome au Safari kabla ya kutuma. Ukizifuta, fomu zinazongoja zinaweza kupotea kabisa.

3. Kwa jambo la hatari, usingoje fomu. Piga simu, andika SMS au tuma mtu. Simu na SMS hazihitaji mega.

4. Angalia anwani kabla ya kuweka alama kwenye uso wa simu, kwa sababu baadaye anwani hiyo mara nyingi haionekani tena. Alama ya shirika haitoshi, maana kila mtu anaweza kuiiga. Hata kufuli dogo karibu na anwani, kama linaonekana, linaonyesha tu kwamba hakuna anayechungulia njiani. Halisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Uliza shirika lenyewe, ana kwa ana. Na yeyote anayekuomba pesa au namba ya siri ili uandikishwe, mkatalie. Msaada hauuzwi.

5. Kumbuka kwamba majina uliyoandika bila mtandao yamo ndani ya simu. Simu ikinyang'anywa njiani, majina yanaweza kuonekana na watu wabaya. Funga simu kwa namba ya siri, na usisafiri na orodha ambayo ungeweza kuituma kwanza. Kama simu ni ya familia nzima, toka katika akaunti yako unapomaliza. Kwenye Android, kuondoa alama peke yake kunaweza kuacha data ndani ya Chrome. Baada ya kuhakikisha kwamba yote yametumwa, futa pia data za tovuti hiyo.

Namna ya kuweka alama

Kwa Android, fungua anwani katika Chrome, gusa nukta tatu za juu, kisha «Ajouter à l'écran d'accueil». Kwa iPhone, fungua katika Safari, gusa kisanduku chenye mshale wa kupanda juu, kisha «Sur l'écran d'accueil».

Ndugu viongozi, familia zinapowapa majina yao zinawapa usalama wao. Waelezeni fomu inauliza nini, inakwenda kwa nani, na ikiisha kutumwa, rudini muwaambie kwamba imetumwa. Na wewe uliyesoma habari hii, umsomee jirani asiyejua kusoma, awe mwenyeji au mhamaji.